Tiketi ya Mawese

Jumatatu, 3 Machi 1997

Gurudumu limefika! Limeletwa na treni, vipande vipande kama mbuzi wa sikukuu, na leo limesimama uwanjani hapa Kasingirima, Ujiji. Refu kupita michikichi. Viti kumi na viwili vya rangi rangi, vinapanda mpaka mawinguni na kushuka. Jenereta linanguruma, spika inapiga muziki, kuku wangu wameacha kutaga. Mwenyewe ni Bwana Elinipa, Mpare, kofia ya kijani, tumbo limetangulia. Anasema Jumamosi jioni analifungua tena vipande vipande, anaondoka.

Kupanda ni mia mbili. Kwa kuzungushwa! Mimi nimezunguka duniani miaka sitini na tano bure.

Lakini nina shida moja, inaitwa wifi Marsiana. Dada wa marehemu mume wangu. Alivuka ziwa wiki tatu zilizopita kukimbia vita vya huko kwao Zaire, na kitenge kimoja mwilini. Miaka arobaini mwanamke huyu amenitukania ugali. Kwao wanauita bukari. Wifi, bukari yako ina mabonge. Wifi, kaka yangu anaila kwa huruma. Sasa nampikia, anakula, anasema aksanti. Aksanti! Jana niliuivisha nusu makusudi, unga unalia mdomoni. Aksanti, wifi. Nikaingia jikoni nikalia.

Jumapili malori yanawachukua wote walioandikishwa bandarini, kwenda kambini Lugufu. Siwezi kumwacha aende huko na hiyo aksanti yake. Nimeapa. Kabla ya Jumapili atapanda Gurudumu, atapiga kelele, atanitukana.

Jumanne, 4 Machi

Niliamka kabla ya jogoo nikaenda kupanga mawe manne mlangoni kwa Elinipa. Jiwe langu, jiwe la Marsiana, na mawili ya akiba, huwezi kujua. Kila mtu hapa anajua sheria ya bombani: jiwe lako likiwa kwenye foleni, na wewe upo. Nikarudi nyumbani, nikanywa chai kwa raha zangu.

Saa nne tunafika, foleni imefika barabarani. Mawe hakuna! Moja nimeliona limewekwa chini ya jenereta lisitikisike. Jiwe langu, linafanya kazi kwa Elinipa bila mshahara!

Na nani anasimamia foleni? Skolastika. Jirani yangu, msimamizi wa bomba. Elinipa kamwajiri. Kampa fulana mpya na filimbi. Nikamuuliza mawe yangu yako wapi, akasema hapa foleni ni ya miguu, jirani, si ya mawe. Skolastika huyu ndiye aliyeianzisha sheria ya mawe! Akapuliza filimbi sikioni mwangu. Akaniambia nikasimame nyuma, nyuma kabisa, pale kwenye dimbwi.

Na bei ni mia tatu. Jana mia mbili, leo mia tatu. Nikamwita Elinipa anieleze kilichoongezeka, gurudumu limekuwa refu usiku? Akasema mama, watu wa mashirika wamekuja na magari yao meupe, wanalipa bila kuuliza. Nikamwambia mimi sikuja na gari jeupe. Akasema shikamoo, akaondoka. Shikamoo gani inaletwa mwishoni!

Mvua ikanyesha. Tukarudi.

Jumatano, 5 Machi

Wizi wa mchana! Foleni sasa ni mbili. Tiketi nyeupe, mia tatu, foleni ya kawaida. Tiketi nyekundu, elfu moja, foleni ya haraka. Wekundu wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Weupe tumesimama mpaka nyasi zinatuota miguuni. Mama mmoja wa Mwandiga aliyekuwa mbele yangu alimaliza kusuka mkeka.

Nikafikiri. Kichwa changu hakikwenda shule, kilipita kwenye kisomo cha watu wazima tu, lakini kinafanya kazi. Nyeupe na nyekundu tofauti yake ni rangi. Rangi ninayo. Chupa nzima ya mawese iko jikoni!

Nikanunua nyeupe mbili, nikakimbia nyumbani, nikazichovya. Zikatoka nyekundu safi. Nyekundu kidogo ya machungwa, lakini nani anaangalia. Nikazifuta kwa kanga, nikamshika Marsiana mkono, tukaingia foleni ya haraka kama wake wa wakubwa.

Skolastika akaishika tiketi. Ikamteleza. Akaiokota. Akaiinua juu, akaniona kupitia humo, kwa sababu ilikuwa imegeuka kioo kama karatasi ya sambusa. Kisha akainusa. Akauliza kwa sauti ya kuita wakwe: jirani, hii ni ya kupandia au ya kukaangia samaki kuhe?

Elinipa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wa Mwandiga alicheka. Watoto walicheka. Mbwa nadhani alicheka. Marsiana peke yake hakucheka. Alishika tu pindo la kanga yangu, macho chini.

Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Tiketi nyekundu zimefutwa! Kumbe sikuwa peke yangu. Jana jioni walikamata za wino, za rangi ya kucha, na moja ya damu ya kuku. Nimesikia faraja.

Leo ni bangili. Bangili nyeupe ya plastiki, inafungwa mkononi, siku nzima unapita mbele. Elfu mbili na mia tano! Kwa bei hiyo nitegemee wanipe na Elinipa mwenyewe anibebe mgongoni.

Nikawa nimesimama natukana peke yangu, nikatazama mkono wa Marsiana. Bangili nyeupe ya plastiki! Ile aliyofungwa bandarini siku alipoandikishwa. Nikamsukuma mbele. Skolastika akatazama mkono, akatazama uso, akapuliza filimbi: pita mama.

Amepita! Kafika mpaka kwenye kiti. Kijana kamfungulia mnyororo. Marsiana kasimama, kageuka, kanitafuta kwa macho, karudi. Akasema, wifi, peke yangu sipandi tena kitu. Maneno sita. Ni hotuba ndefu kuliko zote tangu avuke.

Kwa hiyo nahitaji bangili yangu. Bandarini zinagawiwa bure. Sitasema uongo hata kidogo. Nitasimama tu kwenye foleni yao. Kusimama si kosa.

Naenda sasa hivi. Nitarudi kabla ya adhuhuri.

Ijumaa, 7 Machi

Sikurudi kabla ya adhuhuri.

Nilisimama kama nilivyopanga. Mbele yangu watu waliotoka kushuka kwenye boti, wamelowa, vitoto vimelala mabegani. Mezani kijana mmoja anaitwa Japhet, mgeni, ana miezi miwili Kigoma. Akaniuliza kwa upole mama unatoka wapi. Nikasema ukweli: Kasingirima. Akaandika. Akauliza Kasingirima ni upande gani wa Zaire. Yaani ukitoka hapo mezani kwake ukatembea tu unafika!

Nikamwambia Kasingirima ni Ujiji, na Ujiji ni hapa, na hapa ni kwetu. Akaweka kalamu chini. Akasema mama usiogope, wengi wanasema hivyo, hakuna atakayekurudisha. Nikapaza sauti. Akanipa maji. Nikapaza zaidi. Akamwita nesi. Kadiri nilivyogomba ndivyo walivyonionea huruma. Sijawahi kupewa pole nyingi hivyo, hata mume wangu alipofariki.

Nikafungwa bangili. Nikachomwa sindano. Nikapewa blanketi na biskuti, nikapandishwa lori, nikapelekwa kwenye mabanda ya kusubiri.

Mwanangu Nassib ni mpakia mizigo hapo bandarini. Saa kumi akaambiwa kuna bibi ndani ya mabanda anaitukana serikali kwa Kiswahili cha Ujiji. Akajua ni mama yake. Lakini walitaka shahidi asiye ndugu. Akamleta nani? Ee, akamleta huyo huyo. Skolastika akaingia na fulana yake, akanitazama juu mpaka chini, akamwambia Japhet: huyu ni wa kwetu, kwa bahati mbaya. Kisha akanifunga kanga yangu vizuri kichwani, maana ilikuwa imelegea, na hakusema kitu njia nzima. Nasubiri aseme. Ananilimbikizia.

Blanketi nilimwachia mama mwenye mapacha. La kwake lilikuwa limelowa. Biskuti nazo. Nilikuwa nimekula mbili, sikatai.

Bangili haikutoka. Wanasema mpaka ikatwe. Nikaivutia mkono wa gauni.

Kwa hiyo nani mjinga? Bangili ninayo!

Jumamosi, 8 Machi

Bangili zimefutwa.

Nimefika saa mbili asubuhi, mkono juu kama mpiga kura, Elinipa anatangaza kwenye spika kwamba mji umejaa bangili asizoziuza yeye. Kwa hiyo leo, siku ya mwisho, anayetaka kupita mbele alipe elfu tano. Elfu tano! Kwa pesa hiyo napata debe la mahindi na mtu wa kulibeba. Na ya kawaida imekuwa mia tano. Nikanunua mbili za kawaida kwa hasira, nikamshikisha Marsiana, nikamwambia simama hapa, shika hizi, mimi niende nikafanye kazi ya akili.

Kazi ya akili ya kwanza: kuzimia. Mgonjwa hupitishwa mbele. Nikaanguka vizuri, taratibu, miguu nimeifunika. Skolastika akaja na ndoo ya maji ya bombani, akanimwagia yote. Akasema jirani, pole, hii huwa inasaidia. Nikapona.

Ya pili: nilijipaka unga, nikavaa koti la Nassib, nikajitangaza mkaguzi wa afya. Watoto wakaita shikamoo bibi Mwasiti! Wote. Kwa pamoja.

Ya tatu siiandiki.

Saa kumi na moja nikarudi uwanjani. Nimelowa, nina unga, unga umeshika maji, nimekuwa uji. Vijana wa Elinipa wameshaanza kushusha spika. Nikakaa chini. Nikasema basi, Mwasiti, umeshindwa, kesho anaondoka na aksanti yake.

Nikasikia, wifi!

Marsiana yupo mlangoni. Wa kwanza! Tangu saa mbili alisimama tu. Hakukaa, hakuondoka, hata mvua ya mchana haikumtoa. Nikamuuliza umewezaje. Akasema, foleni ya boti kule ilikuwa siku nne, wifi, hii ni ya kuchezea.

Skolastika akachukua tiketi zetu. Akazinusa. Zote mbili. Kisha akatufungulia mnyororo yeye mwenyewe.

Tukapanda. Mama yangu! Mabati ya Ujiji, michikichi, mitumbwi ya dagaa, ziwa lote, na kwa mbali milima ya kwao, ya buluu. Marsiana akaitazama hiyo milima. Nikataka kusema neno zuri. Jenereta likazimika.

Juu kabisa! Kiti kinayumba kama jino bovu! Niliwaita malaika, niliwaita marehemu wetu, nilimwita mpaka Elinipa nikamwita baba. Nilimkumbatia Marsiana nikafumba macho. Nikamhisi anatetemeka. Nikajua tumekwisha, analia.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka kiti kinapiga kelele. Akasema tazama limama lizima limejipaka unga. Akasema wifi, huo unga uliojipaka ungeupika kama watu wengine, kaka yangu angekuwa hai. Akasema mabonge ya bukari yako tungefungia nyavu, samaki wasingetoka. Akasema wiki tatu nimekula udongo wako nikanyamaza, nilidhani nimekufa tayari, nilidhani ndicho chakula cha huko!

Kanitukana. Alhamdulillahi, kanitukana! Nikafumbua macho, nikamjibu kuhusu samaki wake wa chumvi aliowahi kumuulia paka wangu. Tukagombana huko juu nusu saa. Chini watu wanatupigia makofi. Jenereta lilipowaka, tulimwambia kijana asituteremshe bado.

Na hii yote ni mpango wangu. Nani alimwambia asimame pale?

Jumapili, 9 Machi

Malori yalifika saa tatu. Foleni ya kupanda, bila shaka. Nikaenda moja kwa moja kwa dereva, nikamwonyesha bangili, nikamwambia wifi yangu mgonjwa wa mgongo, anakaa mbele na wewe. Japhet akaniona. Akakimbia na mkasi. Akaikata bangili mbele za watu, akasema mama, mimi na wewe basi. Lakini Marsiana akakaa mbele.

Skolastika alileta mfuko wa dagaa wa safarini. Wazuri kuliko wangu. Alifanya makusudi.

Lori likaondoka. Nilikuwa najikaza vizuri tu, mpaka Marsiana akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, Kasingirima nzima isikie: wifi, ukija kunitembelea usilete bukari! Leta unga! Nitapika mwenyewe!

Nililia mpaka Skolastika akanishika. Hata huyo.

Jioni Nassib amenieleza utaratibu wa kumtembelea. Getini kuna foleni ya wageni, unaweza kusimama siku nzima. Wanaopita haraka ni wenye kibali. Nimemuuliza kibali kikoje. Akasita. Akasema mama, ni karatasi tu, nyekundu.

Nyekundu!

Mawese yamebaki nusu chupa. Safari hii karatasi nitaianika juani kwanza, harufu itoke.