Roketi Yenye Kiraka cha Shaba

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimekwisha! Aimé, mchumba wa binti yangu Exaucée, amepita leo akitabasamu kama mwalimu aliyepata wazo. Anafundisha fizikia. Wiki ijayo shule yao inaadhimisha safari za anga, na mkuu wa shule anatafuta mzee wa kuwaeleza wanafunzi safari za binadamu huko juu zimetoka wapi na zinaelekea wapi. Mzee mwenyewe ni mimi!

Kosa si langu, ni la desturi. Mwezi wa nane familia yao ilipokuja kujitambulisha, kila upande ulisifu watu wake, kama inavyotakiwa. Wao wakaanza. Mhandisi huyu, daktari yule, shangazi mwenye maduka mpaka Mokambo huko forodhani. Zamu yetu ikafika. Delphine, mke wangu, akaitazama soda yake. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nilipokuwa kijana niliwabebea vyombo Wajerumani waliorusha roketi kule kwetu, kaskazini mwa Katanga, miaka ya sabini.

Roketi zilirushwa kweli. Zilipaa, na moja ikaanguka. Ila mimi miaka ile nilikuwa Sakania, kusini kabisa, kwa mjomba, nikiuza karanga kwenye stesheni ya treni.

Mahari ni tarehe 18.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimesoma anga kwenye simu tangu asubuhi. Kumbe mambo ni mengi! Kwanza chombo kidogo kilichopiga pii, pii. Kisha mbwa. Mbwa hakurudi. (Sitalisema hilo mbele ya watoto.) Kisha mtu. Kisha Mwezi. Wameukanyaga watu kumi na wawili, wote wakarudi makwao, na mpaka leo kuna wanaobisha. Wao wana picha na bado wanabishiwa. Mimi nina nini?

Na mbele kunatisha vilevile. Wanataka kurudi Mwezini na kukaa hukohuko. Halafu Mars, miezi na miezi njiani. Delphine amesema mimi hata nikienda Mokambo siku mbili narudi na malaria.

Jioni amekuja jirani yangu Constantin, mstaafu wa reli. Ameuliza kwa upole mkubwa kama Wajerumani walipenda karanga. Alikuwa akifanya kazi pale pale Sakania. Alinunua karanga kwangu kwa mkono wake! Ni wivu tu. Ana miaka anangoja shule imwalike kuzungumza juu ya treni, na kofia yake ya reli ameipiga pasi tayari.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa Exaucée amenivuta pembeni. Amesema kama hadithi ile si ya kweli, nimwambie Aimé leo, yeye atacheka tu. Mama yake ndiye hatacheka.

Mama yake ni Brigitte. Kiongozi wa akina mama wa maombi. Mkono wake una nguvu, jicho lake lina nguvu zaidi. Pombe haiingii nyumbani kwake hata ndani ya keki. Uongo sijui kama uliwahi kupita barabara yao.

Exaucée alikuwa na machozi. “Papa, usinipatishe haya mbele ya babukwe.” Yaani wakwe zake. Hilo tu. Nampenda mtoto huyu kuliko chochote, na nilifungua kinywa kusema ukweli. Kweli nilikifungua. Halafu likaja wazo. Watu hubishana na maneno. Nani anabishana na chuma?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekipata! Mtaa wa Katuba, nyuma ya nyumba ya Falonne, binamu ya Delphine. Pipa la chuma, refu, jembamba, jeusi kwa moto, na mrija umejikunja juu yake kama utumbo. Ubavuni lina kiraka cha shaba kilichogongwa kwa nyundo. Ukilitazama kwa jicho la imani, ni roketi.

Ukilitazama kwa jicho lingine, ni pipa la kupikia lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo. Falonne amesema walilikuta uwanjani waliponunua kiwanja. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa mama mmoja, marehemu, aliyepika lutuku hapo maisha yake yote na kusomesha watoto wake wote. Sikuuliza jina. Jina la mama wa lutuku lina kazi gani angani?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelipaka rangi ya fedha, ile ya mageti. Mara mbili. Linang’aa! Kiraka nimekiacha, kinaonyesha liliteseka wakati wa kuanguka.

Delphine amelizunguka, akalinusa, akaniuliza kama sina haya hata kidogo. Nikamwambia roketi zote hunuka mafuta. Akasema hayo si mafuta, hiyo ni harusi ya kaka yake.

Constantin ameahidi kuja. Atakaa mbele. Sijala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Lazima niandike.

Ukumbi umejaa. Bati juu, jua la Oktoba juu ya bati. Pipa kwenye meza, chini ya kitambaa. Aimé na mama yake mstari wa kwanza, Exaucée kando yao, Constantin na kofia yake. Nimeanza vizuri. Pii, pii, watoto wamecheka. Mbwa nimemruka. Mwezi nimeueleza kwa mikono yote miwili. Nikasema kobalti ya hapa kwetu huenda itafika Mars kabla yetu, wakapiga makofi. Nikaondoa kitambaa. Aaaa! wakasema.

Halafu joto likaanza kazi yake.

Harufu ilitoka polepole. Walimu wazee walitazamana. Mmoja alifumba macho kama anayekumbuka ujana. Msichana mmoja akauliza Mkongomani ataruka lini, nikamjibu hivi karibuni, karibuni sana, huku jasho likinitoka mpaka kwenye soksi. Ndipo Constantin akasimama. “Papa Casimir, ile miaka ulikuwa ku Sakania, unauzisha karanga ku gare. Mi nilikuona na macho yangu. Na hii kintu iko inanuka lutuku!”

Exaucée akainamisha kichwa. Aimé akatazama viatu vyake. Nikaiona harusi ikipaa na kuanguka.

Brigitte akasimama. Akaja mpaka mezani. Akaweka kiganja juu ya kile kiraka cha shaba na kukiacha hapo, muda mrefu. Nikangoja kupigwa. Akageuka, akawaambia watu wote, bila kupaza sauti: “Hii kintu iko ya kweli. Minaijua.”

Nani atambishia Brigitte? Constantin alikaa. Makofi!

Jumapili, 12 Oktoba

Brigitte ameniita kwake, peke yangu. Hakunipa hata maji. Amesema: “Ile pipa iko ya mama yangu. Nilisomaka na ile pipa.” Kiraka alikigonga baba yake, mfua shaba, mwaka aliofariki. Baada ya hapo mama yake alipika lutuku na kulipa shule peke yake, mtoto mmoja baada ya mwingine. Wenzake wa maombi hawajui. Aimé hajui. Alimwonea haya mama yake maisha yote, amesema, na juzi mbele ya watu aliona haya ya kumwonea haya. Akalia. Brigitte!

Nilitaka kusema neno zuri. Nikasema pole.

Amesema mahari iko palepale, kwa ajili ya watoto. Nimrudishie pipa na nikwangue ile rangi yote. Na nisidanganye tena watoto wa watu. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 14 Oktoba

Vidole vyote ni vya fedha, lakini pipa limefika kwake, jeusi kama zamani. Exaucée anaimba jikoni. Nimeponea chupuchupu! Mtu lazima ajifunze.

Aimé amepita. Mkuu wa shule amefurahi mno, ameuliza kama labda nina kitu chochote cha Mwezini. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Mchana nimetembea mpaka kwenye ule mlima wa masalia ya kiwanda cha shaba. Nimechagua jiwe moja jeusi, zito, lenye matundu. Constantin amenikuta njiani, akauliza nimelitoa wapi. Nimemwambia nilipewa mwaka 1969, mwaka ule walipoukanyaga Mwezi. Ndiyo, nilikuwa na miaka mitano. Kwani mtoto hapewi zawadi?

Na safari hii nimelinusa kwanza. Halina harufu yoyote.