Nimefunga Mpaka Kilimanjaro

Jumatatu, 26 Januari 2026

Leo nimefunga tena. Yaani kwa Mwalimu Tereza nimefunga. Kwangu mimi nimekula chapati mbili, maharage na soda.

Nieleze vizuri, maana nikifa watoto watasoma. Kikundi chetu cha kina mama wa mtaa wa Sofu kinapanda Kilimanjaro mwezi wa saba. Na mitandio yetu, na suruali pana chini ya gauni, na mabegi mgongoni. Suruali zote nimezishona mimi, kwa hiyo mlima ule una haki yangu. Nafasi ni nne. Tatu zimeshakwenda. Moja ya Mwalimu Tereza, kocha wetu, mtu wa Rombo, kazaliwa hukohuko mlimani. Nyingine ya Ustadhati Raudha, anayefundisha madrasa. Ya tatu ya Hajira, ambaye anapanda kilima huku anasimulia harusi ya mtu. Ya nne ni yangu au ya wifi yangu Kidawa.

Wifi Kidawa haipati. Wateja wangu wote nimeshawaambia naenda mimi. Mama yangu kule Kisarawe ameshatangaza mpaka sokoni. Halafu miaka thelathini na tisa hii sijawahi kuwa wa kwanza kwa lolote. Naitaka ile picha ya kileleni. Naitaka mpaka naiota.

Kikwazo ni mazoezi tu. Jioni mara tatu kwa wiki, kukimbia na mawe begani, nani kasema binadamu aishi hivyo? Mwezi wa kumi na moja ndipo nilipopata dawa. Nilimwambia Tereza nalipa siku zangu za Ramadhani iliyopita kabla nyingine haijaingia, na aliyefunga hakimbii. Tereza ni Mkristo, mambo yetu anayaheshimu kuliko wengine wetu. Akasema kufunga nako ni zoezi, tena kubwa, akaniwekea tiki kwenye daftari la mahudhurio. Tangu siku hiyo nakaa kivulini nawashikia wenzangu pochi.

Mchana Kidawa aliingia kibandani kwangu bila hodi, mimi chapati imo mdomoni. Nikabana pini tatu kwenye midomo haraka, nikamwonyesha kwamba siwezi kuongea, nipo kazini. Akasema atasubiri. Akakaa. Wifi huyu ana subira ya kukera. Nilitafuna na pini zangu mpaka akachoka kuningoja, na sasa ulimi umevimba.

Jumatano, 28 Januari

Tereza ametangaza mtihani wa nafasi ya nne. Jumamosi ya tarehe saba, milima ya Kisarawe, saa moja asubuhi, begi la kilo kumi. Tiki zetu mimi na Kidawa zimelingana, kwa hiyo mtihani ndio utakaoamua.

Nilitaka kulia. Baadaye akili ikanijia. Nikamfuata Tereza pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kujisifu, kwamba Jumamosi hiyo nami nitakuwa nimefunga. Lakini nisihurumiwe, nitapanda hivyohivyo. Tereza alinishika mkono, machozi yakamlengalenga. Akasema aliyefunga atatembea nusu ya njia, na itahesabika nzima.

Nusu! Kidawa atajua hajui.

Nimebaki na jambo moja tu, kiu. Usiku wa leo naanza kushona kifuko cha nailoni ndani ya gauni, chini ya kwapa, mrija unapanda mpaka chini ya mtandio. Nitakijaza juisi ya ukwaju. Ukiniona utasema dada wa watu anainamisha kichwa anamdhukuru Mola wake. Ufundi si mchezo.

Alhamisi, 29 Januari

Mama kapiga simu kutoka Kisarawe. Kidawa kishamwambia. Mama analia kwenye simu, anasema katika watoto wake wote hakudhani kuwa ni mimi, Hamisa, nitakayepanda mlima na funga yangu tumboni. Akauliza Jumamosi hiyo tutapita wapi na wapi. Nikamtajia. Akasema siku hiyo futari yangu juu yake.

Nilijisikia vibaya sana. Kweli kabisa nilijisikia vibaya, nikaacha hata kushona kwa muda. Halafu Kidawa akapita dirishani anakimbia, kang'aa, hana hata jasho, nikapona.

Jumamosi, 31 Januari

Matembezi marefu, kutoka Gwata mpaka Magindu. Wenzangu kwa miguu, mimi na mabegi yao kwa bodaboda, kwa sababu nimefunga. Nilitangulia kufika. Jua kali, njaa inauma, na Magindu wanafuga. Mama mmoja akaniuzia maziwa mgando kwenye kibuyu. Nikazunguka nyuma ya zizi, nikayamaliza yote nimesimama.

Nilipogeuka Tereza yule, kawatangulia wenzake. Akaniuliza mbona nina weupe mdomoni. Nikasema ni mafuta ya kuzuia jua. Akaniomba na yeye kidogo, ngozi yake inaungua. Nikamwambia yameisha, na hapo sikusema uongo.

Baada ya Tereza, wa kwanza kufika alikuwa Kidawa, akaja moja kwa moja kunipepea na upande wa kanga. Akaniuliza kama kichwa hakiniumi. Anajifanya mwema mbele za watu. Namjua mimi.

Jumanne, 3 Februari

Nimepatikana. Nusu.

Ustadhati Raudha aliomba daftari la Tereza apange ratiba ya Ramadhani, akakaa akahesabu. Akaja kibandani, akateremsha pazia, akanisalimia vizuri, akaniuliza nilikuwa nadaiwa siku ngapi. Nikasema saba. Na saba ndizo za kweli, kila mwanamke anajua saba zake. Akafungua daftari akanionyesha. Nimeshalipa thelathini na tatu.

Akaniuliza kwa upole kabisa kama Ramadhani ya hapa kwangu ina siku ngapi.

 Nikasema zilizobaki ni za miaka ya nyuma, nilizembea nikiwa mjinga, sasa nimeamka. Nikadhani nimetoka. Kumbe nimeingia. Raudha akasema Mungu anipokelee, ila aliyechelewesha mpaka Ramadhani nyingine ikampita bila udhuru, kila siku aliyoilipa atoe na kibaba cha chakula kwa maskini. Akamtuma mtu alete kopo la kibaba, tukaenda nyumbani kwangu. Kidawa akaja mbio kusaidia kupima, ananipongeza huku anachota mchele wa nyumbani kwangu. Vibaba ishirini na sita vimetoka nikiviangalia. Niliambiwa ningeongeza kwa kila mwaka uliopita, nikasema ni mwaka mmoja tu, mmoja.

Mwisho Raudha akauliza kama imebaki hata moja. Nikajikuta nasema imebaki moja, ya Jumamosi. Akasema vyema, atamwambia Kidawa aniamshe daku.

Mume wangu Bilali karudi kutoka kazini Dar, kaukuta mfuko wa mchele umelala chini. Nikamwambia ni sadaka. Akauliza sadaka ya nini. Nikamwambia aende akamuulize dada yake.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika nimelala kifudifudi.

Alfajiri Kidawa aligonga mpaka majirani wakaamka. Kaja na uji wa pilipili manga, kakaa ananitazama mpaka nimalize, kasema tutie nia pamoja. Midomo yangu ilitikisika tu. Moyoni nia yangu ilikuwa ukwaju.

Wenzangu wakaanzia mwanzo wa njia, mimi nikapelekwa katikati. Nikachukua begi la kilo kumi, nikalitupia mgongoni kwa mbwembwe, na mkanda wake ukabana palepale kwenye kifuko. Kikapasuka. Juisi yote ikashuka ubavuni, pajani, mpaka kiatuni. Hata tone moja sikulipata. Nilipata nyuki wawili, na hao nilikwenda nao mpaka mwisho.

Nikapanda. Kilima cha kwanza nilikipanda kwa hasira. Cha pili nilikipanda kwa kushika miti. Mbele nikaona meza ya maji, na Onesmo, mume wa Tereza, kasimama pale na ndoo mbili zinatoa ubaridi. Nikamwendea nimekata tamaa, kama ni aibu na iwe aibu. Onesmo aliponitambua akachukua kanga akaifunika ndoo yote. Akasema pole dada, asingependa kunitia majaribuni. Akageuka na yeye, asinywe mbele yangu.

Nilikaa chini ya mkorosho nikalia. Kiu, nyuki, na mchele wangu.

Nikiwa pale nikasikia ndala zinakuja, pa, pa, pa. Mama yangu! Miaka sitini na tatu, kanga kajifunga kiunoni, kichwani sufuria kubwa imefungwa kwa kitambaa. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kupunguza mwendo. Huku anapita akaniambia ana futari yangu, magimbi ya nazi, na kwa kuwa hakujua jua litanizamia wapi ameona aifuate njia nzima tangu walipoanza wenzangu saa moja. Akapotea juu. Nyuma yake mbali ndipo akatokea Kidawa, anahema, kisha Hajira, ambaye kwa mara ya kwanza hasimulii kitu.

Sijui nilikaa muda gani. Mama ndiye aliyerudi kunichukua. Sufuria kaiacha mwisho wa njia, kashuka tena, begi langu kalitia kichwani, mkono wangu kaushika. Tukaenda. Akaninusa. Akaniambia taratibu, wala si kwa ukali, kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa natia udhu mara nane kwa siku Ramadhani nzima, na kila udhu nilikuwa nameza. Alijua. Alikuwa ananiachia kwa sababu nilikuwa mtoto.

Nikamwapia kwamba leo sijameza kitu, tangu alfajiri, wallahi. Na ni kweli. Siku moja niliyofunga ndiyo siku ambayo mama yangu hakuniamini. Aliniambia nitembee.

Jumapili, 8 Februari

Kikao kibarazani kwa Tereza. Tereza alikuwa ameipima sufuria jana ileile: kilo kumi na nne. Njia nzima, wa kwanza, kwa ndala, na akarudi kuchukua mtu. Akasema hajui sheria gani ingemnyima mama yangu, Bi Mwanajuma, nafasi ya nne. Akamuuliza mama kama atapenda kupanda Kilimanjaro.

Mama aliuliza kama huko juu kuni zinapatikana. Watu wakacheka. Yeye alikuwa anataka kujua kweli. Akaambiwa kuna majiko ya gesi, akasema basi atakwenda.

Kidawa ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Nafasi kaikosa, na anapiga makofi, anamkumbatia mama yangu na kumwambia atamfundisha kuvaa buti. Mimi nililia. Watu wakasema ni furaha ya kuzaa na kuzaliwa, nikawaacha waseme. Haikuwa furaha. Ile picha nilishaichagulia ukuta.

Ustadhati Raudha hakunitaja mbele ya watu, Mungu amsitiri naye. Aliningoja nje. Aliniuliza kama jana nilitia nia. Nikaanza kumsifia mtandio wake. Akasema basi jana haikuhesabika, na zile saba zangu za kweli bado zote saba, na Ramadhani ni siku kumi tu mbele. Akaniomba nianze kesho. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote. Nimekoma. Kuanzia kesho mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 9 Februari

Niliamka nimechelewa daku. Nitaanza kesho, siku bado zipo.

Lakini usiku sikulala bure, nilifikiri. Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Tereza. Alikuwa peke yake, akanikaribisha chai na maandazi. Nikamweleza kwa huzuni kwamba kuna jambo la dini yetu ambalo pengine hakuambiwa. Mama mtu mzima, akishapita miaka sitini, halali kwenye hema mlimani bila binti yake wa kumzaa kuwa pembeni yake. Lazima tuongeze nafasi ya tano. Nikasema si kwa ajili yangu, mimi mwenyewe nimechoka, ni sheria tu.

Tereza aliguswa sana. Alisema jambo zito kama hilo angependa kwanza amuulize Ustadhati Raudha.

Nikachukua andazi la tatu, nikamwambia asimsumbue leo, amefunga.