Pasi Tatu kwa Moja

Mrija hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa kunyonya watu. Siku hiyo alikuwa na kiu ya pikipiki. Muuza vitu vya kale alikuwa amemwahidi moja akimletea pasi ya zamani ya nyundo za piano, yenye kichwa cha shaba, aliyokuwa nayo bibi mmoja fundi wa piano, wa ghorofa ya pili. Na Mrija, jamani, alikuwa amechoka kutembea! Viatu vyake vyeusi vya kung'aa ndivyo vilivyokuwa mtaji wake wote, maana nani atamwamini tapeli wa kandambili?

Basi akatafuta vyuma vitatu vya umeme vya kuchomelea waya za redio, akavipaka rangi ya dhahabu, akapanda ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umependeza hivyo, unaoa?"

"Nimekuletea pasi za kisasa, mama. Hii ni ya sauti nene, hii ya katikati, hii ya sauti nyembamba. Si unajua nyundo ya piano imevaa sufi? Sufi ikilegea, piano inaimba kama ina mafua. Ipige pasi ya moto, ikaze, mafua kwisha! Na sitaki hela. Nipe ile kuukuu yako tu, niweke ukumbusho."

Macho ya bibi yakametameta. Tatu kwa moja! Mrija akajisemea, huyu kashanasa.

"Nionyeshe kwanza," bibi alisema, akimvuta hadi kwenye piano iliyofunuliwa kifua. "Chagua mwenyewe inayofaa."

Mrija akachagua nene kuliko zote, akaitia umeme. Ilipopata moto akalamba kidole, akaigusa, tsss! Akaibandika kwenye nyundo.

Sasa, fundi wa kweli hapimi pasi hiyo kwa mate. Huijaribu kwenye kipande cha sufi kilichotupwa, na kikibadilika rangi hungoja ipoe. Bibi aliyajua hayo tangu usichana wake, ila aliutazama tu moshi ukifuka kwenye nyundo.

"Unasikia harufu ya ufundi, mama?"

"Uwiii!" Bibi alipiga yowe madirisha yakatetemeka. "Piano ya mkuu wa polisi! Kaileta jana tu! Jamani njooni!"

"Taratibu, mama yangu, nakuomba!"

"Nitamwambia nini mimi? Weka rehani! Acha hizo pasi, acha na viatu, ukalete nyundo nyingine!"

Milango ya majirani ikaanza kufunguka. Mrija akavua viatu, akashuka ngazi mbilimbili, soksi zimetoboka visigino.

Alisimama chini ya dirisha kuvuta pumzi. Sauti ya bibi ikamfikia, tulivu kabisa.

"Mume wangu, hebu jaribu hivi viatu."

"Vinabana kidogo."

"Vitatanuka. Na hivi vyuma nitavipiga tupa ncha, vitanifaa sana. Ila ile piano ipasue kuni leo, panya wameshaimaliza."

Mrija akatazama miguu yake, kisha barabara. Lami ilikuwa ya moto, na kwake kulikuwa mbali.