Masuku Sita ya Matogoro

Jumanne, 2 Desemba 2025

Sijawahi kumwambia mtu hili, hata padre kwenye kitubio: mzunguko wa msitu wa Matogoro sijawahi kuumaliza. Nafika kwenye misonobari ya kwanza, naona njia inavyoporomoka kati ya mawe, nashuka kwenye baiskeli. Nakaa nusu saa nikisikiliza ndege. Kisha najimwagia maji ya chupa usoni yaonekane jasho, narudi nyumbani Mfaranyaki, mjini Songea.

Vijana wa kigangoni wanajua nimeumaliza mara nne. Niliwaambia mwenyewe, kwa sauti ndogo. Shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili. Mtu wa hivyo nani atamdhania mwongo?

Leo dada Walburga katangaza timu ya mashindano ya baiskeli ya Krismasi. Watu watatu: yeye, Pankrasi wa kigangoni kwetu, na mmoja. Walburga ana miaka kumi na tisa, ni fundi kwenye banda la baiskeli la baba yake, na anaupanda Matogoro bila kugusa ardhi kwa mguu. Anabadilisha gia kama bibi anayesali rozari, vidole vinakwenda vyenyewe. Hiyo nafasi ya tatu naitaka kuliko matokeo ya Kidato cha Pili.

Sharti, hata kwa Pankrasi: kufikia Alhamisi, anayetaka azunguke peke yake, arudi na masuku, yale matunda ya msituni, aliyookota kileleni.

Jumatano, 3 Desemba

Mpango umekaa vizuri. Masuku hata sokoni Majengo yapo.

Nimemwamkia mama Mwamvua pale gengeni, nikachagua sita. Yote ya kahawia, laini, hayana doa. Kaniuliza mbona nachagua kama napeleka posa. Nikasema ni ya dada yangu. Dada sina.

Alhamisi, 4 Desemba

Pankrasi alinitangulia bandani, magoti yakivuja damu. Masuku yake matatu tu: moja bichi, moja limedonolewa na ndege, moja limepondeka mfukoni. Nilimwonea huruma.

Nikapanga yangu sita juu ya benchi. Walburga akaminya moja, akafyonza, akatema kokwa. Akauliza nimeokota wapi. Chini ya mti mmoja, nikasema.

“Egidi mdogo wangu, masuku ya kuokota hayaivi yote siku moja kama watoto wa komunyo ya kwanza. Haya yamevundikwa kwenye gunia.”

Pankrasi alicheka mpaka akashika nguzo. Akauliza huo mti uko Majengo mtaa gani, na yeye akaokote.

Kila mtoto wa Songea anajua la kuvundika akilionja. Hata mimi. Nimekula masuku tangu sina meno. Nilitazama uzuri tu.

Walburga hakucheka. Alisubiri Pankrasi aondoke, akaniambia kesho saa kumi na mbili asubuhi niwe hapo na baiskeli. Nikimaliza mzunguko nyuma yake, na Jumapili nikiwaambia wenzangu ukweli wote, nafasi ni yangu. Wote, akarudia.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeumaliza. Nimetumia saa tatu na dakika kumi. Yeye peke yake hutumia saa moja.

Kupanda, nilisukuma zaidi kuliko nilivyoendesha. Kule juu ukungu ulikuwa bado kwenye miti, yeye anapita kwenye mizizi kama anaijua kwa majina. Tukafika kwenye mteremko wanaouita ngazi ya mawe. Akanyanyuka kwenye pedeli, makalio nyuma ya siti karibu yaguse tairi, kidole kimoja kwenye breki. Akatiririka. Sina neno lingine. Jiwe, jiwe, jiwe, halafu kimya, amesimama chini ananingoja.

Mimi nilishuka kwa makalio, baiskeli nimeibeba begani. Kijitoni nilianguka majini mwili mzima. Akanitoa kwa kola, akanyoosha usukani wangu kwa magoti, akasema wengi huishia kwenye misonobari. Sijui alijuaje.

Sijawahi kumwona mtu fundi hivi wa kitu chochote.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya misa nilisimama mbele yao. Nikasema masuku niliyanunua. Wakacheka. Nikasema zile mara nne sikumaliza. Wakacheka zaidi, lakini kwa upendo, Hilda wa kwaya hata akapiga makofi. Yalinilevya, nadhani. Maana Pankrasi akauliza ngazi ya mawe niliishukaje, nami nikajibu: juu ya baiskeli, kama kawaida.

Walburga akatangaza kwa upole kwamba vizuri, Jumamosi ni mazoezi kwenye ngazi ileile, Egidi atatangulia, sisi wengine tufuate gurudumu lake. Nikajibu hakuna shida.

Hata kunikomesha anajua.

Naweza kwenda bandani sasa hivi nikamwambia. Ni hatua mia mbili, na nafasi huenda bado ni yangu. Lakini malaria ni rahisi zaidi. Nitaanza kuumwa Alhamisi. Nimeshajaribu kutetemeka mbele ya kioo, meno yanagongana vizuri kabisa.

Kuna hodi uani. Tiki tiki tiki ya gurudumu linalosukumwa. Mama anasema pita tu Walburga mwanangu, yupo chumbani kwake anaandika.

Nyayo zinakuja mlangoni. Ukurasa chini ya godoro, blanketi mpaka kidevuni. Naanza kuumwa leo.