Nta, Asidi na Bugaluu ya Posa

Jamani, leo nimeadhirika, tena ukweni. (Ukweni kwenyewe bado si ukweni, na sasa sijui kama kutakuwa.)

Kazi yangu mnaijua: kuchora vibao vya shaba kwa asidi. Unapaka nta kibao kizima, unakwaruza maandishi kwa sindano, kisha unakilaza kwenye asidi. Palipobaki nta panapona, palipokwaruzwa panaliwa. Basi baba yake Zainabu, binti ninayemposa, mzee anayeuza nta hapa Kasulu, alikubali kuniona leo asubuhi nijitambulishe. Nikaona nisiende mikono mitupu. Nikamchorea kibao cha duka lake.

Kosa langu, nilivaa kwanza, nikachora baadaye. Suruali ya bugaluu, mpya, nyeupe, ya pamba! Roho ilikuwa juu juu. Je, akinikataa? Kila nikikitoa kibao kwenye asidi kukiangalia, nafuta glavu makalioni. Nakitumbukiza, nakitoa, nafuta tena. Sikuona hata doa.

Nilikwenda na baba mdogo, ndiye mshenga wangu. Mzee akatupokea vizuri, akatuamkia kwa Kiha: "Mwakeye." Akapitisha kidole juu ya jina lake pale kwenye shaba, akauliza asidi inajuaje pa kula. Nikamweleza kwamba inakula popote isipokuta nta. Nikaongeza kuwa nta yenyewe niliinunua dukani kwake. Akatabasamu. (Hapo kichwani nilikwishaoa, nina na watoto wawili.)

Mara mama yake Zainabu akaingia. Nikainuka haraka, nikampa mzee mgongo, nikainama kumwamkia mama kwa adabu zote.

Nyuma kukafunguka. Yalianza matundu madogo, kisha yakaungana. Baridi ya Kasulu asubuhi nilikuwa naisikia usoni tu, leo nimeijua yote. Mama akatoka bila kuitikia shikamoo yangu. Baba mdogo akajifanya anakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mzee akakiweka kibao mezani taratibu.

"Kijana," akasema, "nta nilikuuzia. Suruali mbona hukuipaka?"

Nimerudi nimejifunga kitenge cha mama mkwe, mchana kweupe, nikipita katikati ya soko. Jibu la posa wataleta Ijumaa. Nawaomba msinicheke. Zainabu alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia, na alivyocheka yeye inatutosha sote.