Majeruhi Wangu wa Sabasaba

Jumapili, 1 Julai 1973. Samuye.

Baada ya ibada Bwana Afya Ignas ametangaza jambo kubwa. Siku ya Sabasaba vikundi viwili vya vijana wa huduma ya kwanza vitashindana uwanjani: changu na cha Lukresia. Kiongozi wa kikundi kitakachoshinda atakwenda kozi Shinyanga mjini, mwezi mzima, chakula na malazi bure! Nikamweleza Baba mbio mbio. Akasema vizuri, ila nisipochaguliwa, Jumatatu inayofuata naingia shamba la mjomba Maganga kuchuma pamba mpaka iishe. Shamba la mjomba haliishi. Nimewahi kulitembea, nikachoka kabla sijafika kati.

Lazima nishinde. Lukresia asijidanganye.

Jumatatu, 2 Julai.

Somo la mapigo ya moyo. Vidole viwili, mkononi, chini kidogo ya kidole gumba. Ajabu! Moyo uko kifuani, mkononi unafuata nini? Bwana Afya akasema unasukuma damu kwenye mishipa. Nikauliza, na moyo wenyewe unasukumwa na nani mtu akilala? Akasema tuendelee na somo.

Jioni nimeazima saa ya Baba. Mama: 72. Mimi: 76. Mimi baada ya ugali: 84. Kwa nini ugali? Mbuzi sijui, alinipiga teke dakika haijaisha.

Lukresia hakuuliza swali hata moja. Anaandika tu. Mtu asiyeuliza ana lake jambo.

Jumatano, 4 Julai.

Nimepata! Nilikuwa nakamua ng'ombe, likanijia lenyewe. Hapa kwetu vile vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vikicheza uwanja mmoja, nani mshindi? Aliyevuta watu wengi! Mtoto mdogo anajua hilo. Sasa hapa pana uwanja, pana vikundi viwili, na ni Sabasaba. Kanuni za nini tena?

Lukresia anashinda akifanya mazoezi ya kuning'iniza mkono uliovunjika kwa kitambaa. Maskini. Nani atasimama juani kutazama kitambaa?

Nimekwenda kwa manju wa ngoma, nimeazima ngoma mbili pamoja na wapigaji, na taji la manyoya ya mbuni. Akaniuliza ni ngoma gani. Nikamwambia huduma ya kwanza. Akasema hiyo hajawahi kuisikia, atakuja kuitazama. Mtazamaji wa kwanza huyo!

Binamu yangu Mihayo amekubali kuwa majeruhi. Nimemwahidi jogoo. Akauliza ameumia wapi. Kila mahali, nikamjibu.

Ijumaa, 6 Julai.

Mazoezi. Nimechana shuka tatu za Mama. Mama bado hajajua. Nimemfunga Mihayo toka kisigino mpaka utosini, nikaacha macho na pua. Kazi safi mno! Akalalamika joto. Nikamwambia majeruhi wa kweli halalamiki.

Jambo moja linanisumbua. Bwana Afya kasema mtu akianguka, kwanza ondoa watu, apate hewa. Nimelifikiria mpaka kichwa kikauma. Watu umewavuta kwa jasho, uwafukuze? Nadhani hiyo ni ya ajali. Haya ni mashindano.

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba!



Mchana, jua kali. Ngoma zikalia, nikaingia na taji langu, nyuma yangu Mihayo juu ya machela. Uwanja wote ukahamia kwangu! Kwa Lukresia walibaki watu kumi na mmoja, mmojawao bibi yake. Mihayo akaugua vizuri sana. Halafu akanyamaza. Nikasema moyoni, kumbe huyu ana kipaji! Nikapenyeza vidole chini ya kitambaa: mapigo yanakimbia hata siwezi kuyahesabu. Nikawaza, je, ni furaha inayofanya hivi? Watu wakazidi kusogea, wanashangilia, wanakanyaga mpaka machela.

Lukresia akaja akiwasukuma watu. Akauliza kwa nini mgonjwa haitiki. Nikamwambia asiingilie ngoma ya wenzake. Akamwita Mihayo. Kimya. Nikamwita mimi. Kimya. Nikamwambia jogoo wawili. Kimya!

Hapo niliogopa. Mihayo tumekua pamoja, tumelalia ngozi moja. Nilisimama na manyoya kichwani kama mjinga, sijui nianzie wapi.

Lukresia akazima ngoma kwa ukelele mmoja. Akaamuru watu wote warudi nyuma hatua kumi, na wakarudi, hata manju. Akakata vitambaa kwa mkasi, akamfunua uso, wakambeba hadi kivulini ukutani mwa ghala la pamba. Akamlowesha maji mwili mzima, akanivua taji na kumpepea nalo. Alipozinduka sawasawa ndipo akampa maji, funda moja moja. Neno la kwanza la Mihayo likawa jogoo wangapi. Nililia mbele za watu. Sioni haya.

Bwana Afya akaniuliza mgonjwa aliponyamaza nilifanya nini kwanza. Nikasema ukweli: niliwaambia wapigaji waongeze mwendo.

Lukresia kashinda. Nikamwomba Bwana Afya angalau ahesabu watu. Akachukua baiskeli yake, akaondoka.

Mama kajua habari za shuka.

Jumatatu, 9 Julai. Shambani kwa mjomba.

Lukresia kapita barabarani akielekea Shinyanga, sanduku kichwani. Kanisalimia vizuri tu, akaniachia daftari lake nijisomee. Nimelifungua. Ukurasa wa kwanza: ondoa watu. Kapigia mstari mara mbili. Huyu binti ana akili, lakini ngoma hajui.

Nimechuma nikiwaza mpaka adhuhuri. Umati ulikuwa mzuri. Ngoma zilikuwa nzuri. Kosa ni moja tu, nalo nimeliona: majeruhi alikuwa mmoja! Mwakani nitafunga wawili. Wa kwanza akizimia, wa pili anaendelea, na ngoma haikatiki.

Nimemweleza Mbuke, mke wa mjomba, tunayechuma naye mstari mmoja. Akauliza, na huyo wa pili akizimia?

Swali zuri sana. Majeruhi watatu.