Ndege wa Puto Jekundu

Jumamosi, 7 Juni

Tumeng'oa nanga! Naandika nikiwa nimejibana kitandani, maana chumba kinapanda na kushuka na tumbo langu linafuata nyuma. Sijali. Msanii wa kweli hutapika na kuendelea.

Mambo yalivyo ni hivi. Mke wangu alishinda safari ya watu wawili kwenye bahati nasibu ya kazini kwake: ziara ya meli kwenye visiwa vya volkano, mbali huko ambako wanyama hawamwogopi binadamu. Siku za kuondoka zilipokaribia, bosi wake akamfutia likizo. Nikamwambia asihuzunike, nitakwenda peke yangu, nitamwakilisha. Akasema hapana, nafasi yake ataichukua mama yake.

Basi nimesafiri na mama mkwe. Mkunga mstaafu. Chumba chake kimepakana na changu na ukuta ni mwembamba kama karatasi. Nikikohoa, anabisha hodi kuuliza kama nimekunywa dawa. Nisipokohoa, anabisha kuuliza kama ningali hai.

Lakini mimi sikuja kutalii. Studio yangu inakata roho. Tangu kila mtu awe na simu yenye kamera, wateja waliobaki ni wa picha za pasipoti, na hao hata kutabasamu hawaruhusiwi. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ameshapima ukuta wa studio kwa futi kamba. Anataka kuweka vioo vya saluni. Na mke wangu ameniambia kwa upole, upole ule wake wa kutisha, kwamba nikirudi bila kitu cha kuvuta wateja, saluni inaingia.

Kwa hiyo nimefunika dirisha la studio kwa kitambaa cheusi na kubandika tangazo: PICHA YA KARNE INAKUJA.

Sasa imebaki kuipiga tu. Ndege nimeshamchagua. Dume ana mfuko kooni, akitaka kuwaringia majike anaujaza upepo ukawa puto jekundu kubwa kuliko kichwa chake. Nani atapita dirishani asisimame?

Kikwazo ni kimoja. Daktari wa meno, abiria mwenzetu, ana lenzi ndefu kama bomba la paa. Wakati wa chakula lenzi ilikalia kiti chake yenyewe. Nimemsalimia kwa ubaridi.

Jumapili, 8 Juni

Kisiwa cha kwanza. Mawe meusi kila upande, yamekunjamana kama lami iliyomwagwa na kuachwa. Juu yake wamelala mijusi wakubwa wa baharini, huyu juu ya yule, kama nguo zinazosubiri kufuliwa.

Kiongozi wa msafara ni mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni. Nimempachika jina Mama Kanuni. Usiguse. Usilishe. Usisogee. Usiache kitu, usichukue kitu. Nilidhani atamaliza na usipumue.

Mpango wangu: kujificha ili wanyama wanizoee. Nilikuwa nimebeba yale majani ya plastiki ya studio, ninayowawekea maharusi nyuma. Nikajifunga kichwani na mabegani, nikalala kifudifudi kati ya mijusi. Nikawa kichaka!

Dosari ndogo: kisiwani pale hapaoti hata jani moja. Nilikuwa kichaka pekee hadi upeo wa macho. Abiria wakaanza kunipiga picha mimi. Filimbi ikalia. Mama Kanuni akataka kujua kwa nini nimeleta mimea ya kigeni kisiwani. Nikamweleza kwa heshima kwamba si mimea, ni plastiki. Akasema afadhali ingekuwa mimea.

Tukiwa katikati ya mabishano, mjusi mmoja akanipigia chafya. Maji ya chumvi, puuu, katikati ya lenzi. Eti ndivyo wanavyotoa chumvi mwilini. Daktari alikuwa pale pale karibu, kwa nini asimtolee yeye?

Mama mkwe alishinda juu ya jiwe akimtazama simba bahari anayenyonyesha. Jioni akaniarifu kwamba mtoto ameshika titi vizuri na mama ana maziwa ya kutosha. Nilimwambia nimefurahi kusikia.

Jumatatu, 9 Juni

Wapo! Kisiwa kizima ni cha ndege wangu, kila kichaka kina dume. Moyo ulinilipuka.

Ila wote wamenywea. Mifuko inaning'inia kooni kama soksi iliyolowa. Na daktari ameshasimika bomba lake mahali pazuri kuliko pote.

Ikabidi nimwondoe. Nikamsogelea, nikashusha sauti kama ndugu anayetoa siri ya ukoo. Nikamwambia nimesikia kwa mabaharia kwamba ndege wa ajabu zaidi wako ng'ambo ya kilima, kwenye mwamba uliopasuka. Mabaharia hawakuwahi kuniambia kitu zaidi ya "tapikia upande ule." Daktari akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama Kanuni akasema njia ipo, atawapeleka mwenyewe, sisi wengine tubaki na baharia.

Hapo mama mkwe akainuka. Na yeye anakwenda, alisema, kwa sababu mkwe wake hasemi asichokijua. Nikamkumbusha magoti yake. Akanijibu kwamba magoti hayo yamepanda ngazi za wodi ya wazazi maisha yake yote, hayababaishwi na kilima.

Nikabaki na ndege. Jua likanichoma shingo ikawa nyekundu kuliko mfuko wowote pale. Mara moja dume mmoja akafunua mdomo, nikajiandaa. Alikuwa anapiga mwayo.

Wale wakarudi wanaimba. Wanaimba! Kwenye mwamba walimkuta bundi anawinda mchana kweupe, na daktari akampiga picha akiruka, makucha mbele, macho kama taa. Akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema wapiga picha wengine wangekufa na siri kama ile. Mama mkwe akasema ndiyo maana yeye hakuniwekea ngumu nilipokwenda kuposa.

Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jumanne, 10 Juni

Leo tumerudi kisiwa kile kile, na leo nilikuwa na silaha. Kwenye mkoba wa studio hukosi maputo, kwa ajili ya picha za watoto za siku ya kuzaliwa. Nikachagua jekundu.

Hoja yangu haina tundu. Dume yeyote akiona dume mwenzake anaringa, atakaa kimya? Mimi mwenyewe nawajua wanaume. Kinachokosekana kisiwani ni mtu wa kuanzisha.

Nikajipenyeza nyuma ya mwamba, mbali na filimbi. Nikapuliza puto, nikalifunga kooni kwa mkanda wa kamera. Nikapanua mikono iwe mbawa, nikatikisa mabega, nikapiga ngoma kwa ulimi. Nimesoma kwamba wao hufanya hivyo. Kamera iko tayari juu ya stendi, imeelekezwa kichakani mbele yangu, mimi nimeficha kitufe cha kuifyatulia kwa mbali chini ya kidole kimoja.

Kichakani mbele yangu, kimya.

Mara kivuli. Jike! Mkubwa, mbawa ndefu. Akazunguka. Akarudi. Akanitazama kwa upande wa jicho la kulia, kisha la kushoto, kama anayechagua kitambaa dukani. Nikaongeza mabega. Sijui kwa nini niliongeza mabega.

Akatua kichwani kwangu.

Wana kucha. Vitabu havisemi kitu kuhusu kucha. Nikapiga ukelele, puto likapasuka paa!, kisiwa kizima kikaruka angani. Moshi wa manyoya ulipotulia, Mama Kanuni alikuwa amesimama mbele yangu na hakupuliza filimbi. Hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kesho sitashuka melini.

Mama mkwe alisubiri tukae kwenye boti ya mpira.

"Mkwe wangu," akasema, "ulikuwa unamtongoza ndege?"

Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

Akafikiri. Akasema haya, hatamwambia binti yake. Sasa hivi namsikia ukutani, yuko kwenye simu, anamwambia. Anacheka mpaka anakosa pumzi. Ningebisha hodi kuuliza kama amekunywa dawa, ila naheshimu.

Jumatano, 11 Juni

Kifungo. Wenzangu wote wamekwenda kuona kobe wakubwa. Mimi na mpishi tumebaki nyuma ya meli, yeye anamenya viazi, mimi namenyeka mwenyewe. Nilimsimulia habari za saluni. Akasema dada yake ana saluni na anaendelea vizuri sana. Mtu hana huruma.

Nikawaza namna ya kumwambia mke wangu. Nikawaza wateja wanaovuta kile kitambaa cheusi na kukuta mashine ya kukaushia nywele. Machozi yakanilenga, nakiri.

Kisha mpishi akanigusa na kisu. Kwa ubapa, lakini alinigusa. Nikageuka.

Juu ya reli ya sitaha, karibu kiasi cha kumwazima chumvi, alikuwa ametua dume. Peke yake. Akanyoosha shingo. Mfuko ukaanza kujaa. Ukajaa, ukajaa, mwekundu, unang'aa, mshipa mmoja mmoja unaonekana! Akafungua mbawa na kutetemeka mwili mzima.

Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na kamera tu. Nikapiga mpaka kadi ikajaa.

Nimempiga mpishi busu la paji la uso. Kesho alasiri kila abiria ataonyesha picha moja ukumbini, na itakayopendwa itaingia kwenye kalenda ya kampuni ya meli. Daktari na abaki na bundi wake.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Turubai kubwa jeupe ukutani. Mama mkwe mstari wa mbele, kavaa vizuri. Daktari akaonyesha bundi. Watu wakasema aaah. Nikajiambia subirini. Zamu yangu ikafika. Nikatoa hotuba fupi kuhusu subira, jicho na sanaa. Taa zikazimwa. Picha ikatokea.

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Kisha wote.

Kwenye kioo kidogo cha kamera nilimwona ndege tu. Kwenye turubai, ndege alikuwa na ukungu kidogo. Kilichokuwa wazi kabisa, kila uzi, kila tundu la lesi, ni gagulo jekundu lililoanikwa kwenye kamba nyuma yake. Limejaa upepo, limetuna. Na ndege, mbawa wazi, kifua mbele, alikuwa anaringia gagulo.

Meli nzima ina abiria mmoja tu wa kuvaa gagulo. Nilitamani volkano zile ziamke.

Mama mkwe akasimama. Akageuka kuwatazama watu. Kimya kikarudi chenyewe. Wodi nzima za wazazi zilikuwa zikinyamaza hivyo, nadhani.

"Ni langu," akasema. "Nililifua jana asubuhi. Sasa mwenye umri kama wangu humu ndani, aliyewahi kunyenyekewa na dume mzuri namna ile, anyooshe mkono."

Walimpigia makofi wamesimama. Mama Kanuni alikuwa anafuta machozi. Bundi akashinda, lakini wote walikwenda kumpa mkono mama mkwe. Baadaye nikamwomba radhi nikitazama sakafu. Akasema katika kazi yake amekutana na aibu halisi, na gagulo safi halimo. Ila nikirudia kupiga nguo zake picha, nitamjua.

Kisha daktari akaniita pembeni. Akanipa picha aliyoipiga Jumanne kutoka mbali, kwa lile bomba lake. Hakuionyesha ukumbini, alisema, kwa sababu hawezi kumwaibisha mtu aliyempa bundi. Nikahisi kitu kifuani. Huenda ni samaki wa mchana.

Nikaitazama. Mimi: mikono wazi, puto kooni, jike kichwani, mdomo unaanza ukelele. Na nyuma yangu, juu ya mwamba, madume watatu wamejaza maputo yao hadi mwisho!

Ilifanya kazi! Hoja yangu haikuwa na tundu! Nilitazama upande usio wenyewe, basi.

Jumamosi, 21 Juni

Nyumbani. Mke wangu alipoiona picha ya daktari alikaa sakafuni na kucheka mpaka majirani wakaja. Aliitundika dirishani mwenyewe, saizi ya mlango. Nilipinga. Sikusikilizwa.

Tangu Jumatatu kuna foleni. Watu wanaingia wanacheka na kutoka wamepiga picha za familia. Watoto wanataka ndege kichwani. Nimeshona mmoja wa kitambaa. Mtaani wananiita Bwana Puto, naitika. Shemeji amepata chumba karibu na bucha na ananiletea maharusi wote anaowasuka. Mke wangu anasema nimeona sasa, mambo yananinyookea nikiacha ujanja. Nimekubali kwa kichwa. Mtu akiwa na furaha humharibii.

Kwa faragha: ni ujanja ulioniokoa, mwanzo hadi mwisho.

Leo daktari ameniandikia ujumbe. Mwakani anakwenda visiwa vingine vya volkano, vya baridi kali, vyenye pengwini kwa maelfu. Anatukaribisha mimi na mama mkwe, ambaye ameshanunua soksi za sufu. Mama Kanuni haendi huko. Nimeuliza.

Pengwini ni weusi mgongoni, weupe kifuani, na wanatembea kama mtu aliyebanwa na viatu. Mimi nakodisha suti za mabwana harusi! Nimejaribu moja baada ya kufunga studio, nikatembea mbele ya kioo, mikono imeshuka, tumbo mbele. Mke wangu akachungulia mlangoni akauliza kama nahitaji kwenda chooni.

Kwake, ule haukuwa tena mwendo wa binadamu. Dalili nzuri sana.